Aliyekupokea na Uliyoyaona

Katika yote aliyoyaona Mogadishu mwaka 1331, Ibn Battuta alikihifadhi chakula kwa undani wa pekee. Wali wa samli uliopakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao. Juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, achari ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mtu wa Lamu au wa Unguja hahitaji kufafanuliwa orodha hiyo; sehemu yake bado hupambwa mezani siku ya karamu. Kinachonistaajabisha ni umri wa kumbukumbu yenyewe. Msafiri huyu, mzaliwa wa Tangier mwaka 1304, alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy safari zake mjini Fez, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Kati ya sinia lile na kalamu ya Ibn Juzayy ilipita miaka zaidi ya ishirini, zikapita Delhi, Maldives, China na Mali. Maandishi aliyoyanakili kwenye makaburi ya wanazuoni wa Bukhara yalipotea aliponyang'anywa mali zake baharini, upande wa India. Chakula cha Mogadishu hakikupotea.

Sababu ipo katika jinsi alivyopokewa. Anaeleza kwamba meli ilipotia nanga, mashua ziliijia zikiwa na vijana, kila mmoja kabeba chano kilichofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chano chake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alishukia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni bei, au akiuziana naye bila mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta, kwa kuwa hakuja na bidhaa bali na elimu, alipelekwa kwa kadhi, kisha kwa sultani. Chano kile, kwa maneno mengine, kilikuwa mkataba. Katika mji usiokujua, mwenyeji alikuwa ndiye usalama wako, soko lako na mdhamini wako. Mtu hasahau alichokula siku alipopata mdhamini.

Kilwa aliikumbuka kwa njia hiyo hiyo, na hapo ndipo kumbukumbu yake inapofundisha zaidi. Sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye wanaakiolojia wanayemhusisha na Husuni Kubwa, kasri la mawe lenye kumbi na bwawa la kuogea la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta anausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, kisha anasema umejengwa kwa miti. Kasri halitaji. Anachokisimulia kwa kituo ni ukarimu wa sultani: jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha njiani baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizozivaa, na jinsi sultani alivyoingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akampa. Mawe yalimtoka kichwani. Mtu akabaki.

Lakini kisa hakiishii hapo, wala haifai kukikatia hapo. Mwana wa sultani alizichukua nguo zile kwa fakiri na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu ishirini wanapita katika ukurasa huo kama sehemu ya sifa za mwenye kutoa, na hakuna anayejua walitoka wapi wala waliishia wapi. Kumbukumbu iliyojengwa juu ya ukarimu ina upofu wake: humwona anayetoa na anayepokea, haimwoni anayetolewa. Aliyepika wali wa Mogadishu naye hatajwi.

Kila jadi ya usafiri humfundisha mtu wake nini cha kukumbuka hata kabla hajafunga mzigo. Rihla ya Kiarabu, yaani masimulizi ya safari, ilizaliwa na Hija na safari ya kutafuta elimu. Msafiri alikwenda kukusanya watu: masheikh aliowasomea, makadhi waliomlaza, ijaza alizopewa. Kwa hiyo akifika penye jengo na penye mtu, hukumbuka mtu. Tunapoulizana leo mahali gani tulipopapenda kuliko pote, tunadhani tunajibu kwa moyo wetu wenyewe. Mara nyingi ni jadi inayojibu.

Tuiangalie jadi yetu. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa mkalimani katika utawala wa kikoloni huku kwetu na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin, alichapisha kitabu *Safari za Wasuaheli*. Ndani yake wamo Sleman bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, Abdallah bin Rashid na safari ya Nyasa, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na safari ya Udoe hadi Uzigua, na Selim bin Abakari na safari ya Urusi na Siberia. Tuseme wazi kwamba waliandika kwa ajili ya Mjerumani, chini ya dola ya Mjerumani, na mtu aliye katika hali hiyo huchagua la kusema. Hata hivyo mwendo wa masimulizi ni wao. Safari ya bara huhesabiwa kwa vituo: tulitoka hapa, tukalala pale, tukakuta jumbe fulani, akataka hongo, yaani ushuru wa njia, kadha wa kadha, tukatoa, tukapata chakula, tukaondoka. Msomaji aliyezoea vitabu vya watalii atauliza mandhari iko wapi. Milima ipo, mito ipo, lakini huingia hadithini pale tu inapozuia njia au kutoa maji.

Huo si umaskini wa macho. Msafara wa Bagamoyo ulikuwa na wapagazi wa kulishwa, vitambaa na shanga vilivyochukuliwa kwa mkopo, na njia isiyokuwa na nyumba ya wageni. Jina la jumbe na kiwango cha hongo yake vilikuwa habari ambayo msafara unaofuata ungeilipia. Masimulizi ya safari yalikuwa ramani ya watu: nani mkali, nani mwenye ahadi, nani ana nafaka mwaka huu. Na tukilinganisha na Mogadishu ya 1331, tunaona mwenyeji amegeuka sura. Yule wa bandarini alikuja na chano mkononi kumlaki mgeni. Huyu wa njia ya bara alikaa mahali pake akangoja kulipwa. Hakuwa mchoyo kuliko mwenzake. Misafara ilikuja na bunduki, mingine ilikuja kuchukua watu, na kijiji kilichowapokea wageni wote kwa chano kisingebaki kijiji kwa muda mrefu.

Selim bin Abakari ndiye anayenivutia zaidi, kwa sababu aliibeba jadi hiyo ya Pwani akaipeleka kwenye theluji. Alifuatana na bwana wake, Theodor Bumiller, mwaka 1896, wakapita Urusi hadi Siberia na nchi za Asia ya Kati. Huko aliwaona Watatari, Wakirgizi na Wakalmiki, akaandika habari zao kwa Kiswahili kile kile ambacho wenzake walikiandikia habari za Wanyamwezi na Wazigua. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Katika zama ambazo Wazungu walikuwa wanatuandika sisi kwenye vitabu vyao, mtu wa Pwani alikuwa anawaandika wenyeji wa Siberia, na alitumia vipimo vya kwao nyumbani.

Jadi hiyo haikufa na misafara. Iko darasani. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania au Kenya amewahi kuandika insha ya safari, na anaijua sura yake: kuamka alfajiri, kuoga, kunywa chai, kupanda basi, kuhesabu miji ya njiani, kufika, kufurahi sana, kurudi salama. Walimu hulalamika kwamba mwanafunzi anamaliza ukurasa kabla hajafika anakokwenda. Mimi humsoma mwanafunzi huyo kama mjukuu wa Sleman bin Mwenye Chande: kwake safari ni njia, vituo, na salama ya kurudi. Kosa, kama lipo, ni kwamba tumempokonya kile kilichokuwa moyo wa masimulizi yale, yaani watu wa kila kituo. Ameachiwa majina ya miji bila majina ya wenyeji.

Sasa twende Japani, ambako jadi ni nyingine kabisa. Mwaka 1689 mshairi Matsuo Bashō aliondoka Edo, mji unaoitwa Tokyo siku hizi, akifuatana na mwanafunzi wake Sora, wakaenda kaskazini kwa miezi kama mitano, sehemu kubwa kwa miguu. Kitabu cha safari hiyo, *Oku no Hosomichi*, kilichapishwa mwaka 1702, miaka minane baada ya kufa kwake. Ushairi wa Kijapani ulikuwa umekwisha kujiwekea mahali pake pa sifa: kizuizi cha Shirakawa, visiwa vya Matsushima, mnara fulani, hata mti mmoja wa kando ya mashamba huko Ashino uliojulikana kwa sababu ya mshairi Saigyō, aliyefariki mwaka 1190. Bashō alikwenda kuonana na mahali ambapo wengine walikwisha kupatungia. Hakutafuta kipya. Alitaka kusimama aliposimama Saigyō, na hata mwaka wa safari yake uliangukia kumbukumbu ya miaka mia tano ya kifo chake.

Hiraizumi ndipo jadi hiyo inapofika kilele. Huko familia ya Fujiwara wa kaskazini ilijenga fahari yake, na huko ndiko Yoshitsune, shujaa aliyesakwa na kaka yake mwenyewe, alikofia mwaka 1189. Bashō alikuta majani. Alikaa akalia, akatunga shairi fupi juu ya majani ya kiangazi na askari waliokwisha kupita, na hadi leo Wajapani wengi hulijua kwa moyo. Lakini Matsushima, mahali alipokuwa akipatamani tangu mwanzo wa safari, hakuweka shairi lake hata moja kitabuni. Aliweka la Sora. Yapo yanayosemwa kwa ukimya, na Bashō alijua msomaji wake angeuhesabu ukimya huo kuwa sifa.

Kisha mwaka 1943 shajara ya Sora ikachapishwa, yenye tarehe, mvua na nyumba walizolala. Ikaonekana kwamba mwalimu alikuwa amehamisha mambo, amepanga upya siku, ametengeneza. Wapo waliosikitika. Mimi naona shajara ya Sora na kitabu cha Bashō ni kazi mbili tofauti: Sora alihifadhi safari iliyofanyika, Bashō alihifadhi safari iliyobaki ndani yake baada ya miaka ya kuitafakari. Sleman bin Mwenye Chande angemwelewa Sora mara moja. Na hata Bashō hakuwasahau wenyeji wote. Pale Obanazawa alimsifu Seifū, tajiri wa biashara ya maua ya rangi, kwamba utajiri haukumharibu. Tajiri huyo alikuwa amekwenda mji mkuu mara nyingi, kwa hiyo alijua haja za msafiri. Sentensi hiyo ungeweza kuichukua ukaipeleka Mogadishu, na ingepata pa kukaa.

Ninapolisoma lile la majani ya Hiraizumi, fikra hunirudisha Unguja, kwa Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sultani Said, akaondoka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mwaka mmoja kabla ya hapo alirudi Unguja kwa mara ya kwanza, na Mtoni alikuta gofu. Bashō alilia juu ya magofu ya watu aliowajua kwa kusoma. Salme alisimama kwenye magofu ya chumba alichochezea. Huzuni ya kwanza ni ya kuazima, na ushairi hauoni aibu kuazima. Ya pili haina pa kuazimia.

Kuna jambo lingine katika safari ile ya 1885. Salme alifika na manowari za Kijerumani, katika mwaka ambao Ujerumani ilikuwa inakodolea macho ardhi ya bara, na kaka yake, Sultani Barghash, hakukubali kumpokea. Watu wa mjini ndio waliomsalimu njiani, na yeye aliliandika hilo kwa shukrani kubwa. Hebu fikiria uzito wake kwa mtu aliyekulia katika jadi ninayoieleza: kurudi kwenu ukawa mgeni, halafu mwenye nyumba akakataa kukufungulia. Ukurasa ule una uchungu kuliko maelezo yote ya gofu, na nadhani ndio ufunguo wa kitabu kizima.

Kwa Goethe, mshairi wa Kijerumani, nitapita haraka. Mwaka 1786 alitoroka Karlsbad saa tisa usiku bila kuwaaga marafiki, akaingia Italia kwa jina la bandia, akafika Roma mwishoni mwa Oktoba. Nyumbani kwa baba yake kulikuwa na picha za Roma ukutani. Baba mwenyewe alikuwa amekwenda Italia mwaka 1740. Goethe anasema kwamba sasa anaona kwa macho yale aliyoyajua kwa picha tangu utotoni. Hiyo ndiyo jadi iliyoishinda dunia. Sisi tunayaona maporomoko ya maji kwenye simu, tunasafiri kwenda kuhakikisha kuwa yapo, tunayapiga picha ile ile, tunarudi. Bonde la Ngorongoro limetangazwa kwa sura moja kiasi kwamba mgeni huweza kufika ukingoni akahisi amekwisha kuwahi kufika. Sipingi picha. Napinga kwamba tumeiachia ifanye kazi yote, hata sisi ambao jadi yetu ilikuwa na maswali mengine.

Hata hivyo, moja ya maswali hayo bado li hai, na ni swali la zawadi. Katika Japani ya zama za Bashō na baada yake, wanakijiji wengi hawakuweza kumudu kwenda kuhiji Ise, kwa hiyo walichanga fedha, wakapiga kura, wakamtuma mwenzao kwa niaba ya wote. Aliyekwenda alibeba deni. Alipaswa kurudi na kitu cha kuwagawia waliobaki. Mpaka leo vituo vya treni vya huko huuza maboksi ya vitu vitamu vilivyofungwa kimoja kimoja, tayari kwa kugawa kazini. Msafiri wa basi la kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam analijua deni hilo. Ruaha Mbuyuni ananunua vitunguu, Chalinze nanasi, na kama ametoka Kigoma ana migebuka. Anayetoka Unguja asipoleta halwa au ubuyu ataeleza. Anayetoka Makka anagawa tende na maji ya zamzam kwa vikombe vidogo ili kila mtu apate. Hapa kumbukumbu ya safari haiwi mali ya aliyekwenda peke yake. Waliobaki wana fungu lao, na wakilipokea hudai na masimulizi.

Mahali ninapopapenda mimi kuliko pote ni Kilwa Kisiwani. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, unashuka karibu na ngome ya Gereza, unauona Msikiti Mkuu na kuba zake, kisha unatembea hadi Husuni Kubwa. Unesco iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ukawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 ukatolewa huko baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta. Watu wanaishi kisiwani. Wana mashamba, wana nyavu, wana watoto wa shule. Lakini soma maelezo ya wageni wengi uone: wanazungumza kana kwamba kisiwa kina mawe tu.

Mtu anaweza kudhani kwamba sisi tuna jadi ya wenyeji, Wajapani wana jadi ya marehemu, basi. Kilwa haikubali mgawanyo huo. Mzee aliyetuongoza alisimama kila tulipofika penye makaburi, akatoa salamu, akasoma Fatiha, ndipo akaanza kueleza. Hakutuambia karne kwanza. Alifanya kile ambacho watu wa Pwani wamefanya siku zote wakizuru makaburi ya masharifu na mababu, na Bashō pale Hiraizumi angekaa naye bila kuhitaji mkalimani. Kumbe hata kwetu mahali huwa na watu wake waliotangulia, nao huamkiwa kama wenyeji wengine, kwa kuwa nao ni wenyeji. Jina la mzee lipo daftarini mwangu; silitaji hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Wenzangu walikuwa wakilipiga picha bwawa la pembe nane. Nilimuuliza aliyajuaje yote aliyotueleza, nikitarajia anitajie kozi ya waongoza wageni au kitabu. Akaanza na babu yake, aliyewasindikiza wachimbaji wa mambo ya kale walipokuwa wakifukua kuta hizo, akaja kwa shangazi zake na nyimbo zao, kisha kwa jirani mmoja aliyekuwa akijua kila kisima kilipo. Tulipofika ufukweni nahodha alikuwa ameshasukuma mashua, na mzee bado alikuwa anataja watu.